Jopiny, watu wa ardhi

Kendu Bay, Homa Bay: Ijumaa kanzu zinaelekea msikitini, Jumamosi ni zamu ya Waadventista, ambao misheni yao ya Gendia ilianza 1906. Kila upande una jina la jirani asiyeamini. Huku ni kafiri, kule mpagani au, kwa upole kidogo, mtu wa dunia.

Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huko, kina lake: japiny, kwa wingi jopiny. Piny ni ardhi, nchi, dunia. Misheni zilipoingia, waliobatizwa waliitwa josomo, wasomaji (shina lake, soma, wameliazima kwenye Kiswahili), na jonanga, watu wa nguo. Waliobaki na mambo ya babu zao wakawa jopiny. Kumbe wenye nchi ndio wakageuzwa watu wa nje!

Na si Dholuo pekee. Mpagani ametoka kwenye Kilatini, paganus, mtu wa shamba. Kafiri, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mwenye kufunika, na Kurani, sura ya 57, inatumia wingi wake kwa wakulima, wale wanaofukia mbegu. Lugha tatu, na zote zimemkuta asiyeamini akiwa na jembe mkononi.

Migori mambo yakachanganyika zaidi. Kanisa la Legio Maria, lililoongozwa na Simeo Ondeto, lilipojitenga na Wakatoliki miaka ya 1960, lilibaki na rozari na Kilatini chake. Mfuasi wake humwiti mpagani. Ikabidi litafutwe neno jingine, mzushi, nalo linauma kuliko kafiri, maana huambiwa ndugu.