Kofia za Herufi: Khabari ya Vitufe vya Kuandikia

Huenda nyumbani kwako yumo kijana aliyeweka mezani kibodi ya kompyuta yenye kelele, vitufe vyake vya rangi mbalimbali kama sinia la tambi na visheti vya Idi, akakwambia kuwa hiyo ni kibodi ya springi na kwamba vifuniko vyake hung'olewa vikatiwa vingine. Usimcheke. Mimi nilimcheka mjukuu wangu, kisha nikakaa naye nikauliza, nikaona kuwa khabari hii ina mizizi mirefu, nayo inatugusa sisi watu wa pwani kuliko tudhanivyo.

Mwaka 1868 Christopher Latham Sholes wa mji wa Milwaukee, Marekani, pamoja na wenzake, alipewa hati ya uvumbuzi wa mashini ya kupiga chapa. Kampuni ya Remington, iliyokuwa mashuhuri kwa bunduki, ikaanza kuziuza mwaka 1874. Mashini ile ya kwanza ilipiga herufi kubwa tupu. Ndogo zilikuja na mashini ya pili, mwaka 1878. Kila kitufe kilifungwa kwa vyuma na muhuri wake uliokwenda kuigonga karatasi. Kwa hivyo herufi uliyoiona juu ya kitufe ndiyo iliyochongwa ndani, na aliyetaka nyingine ilimlazimu kumwendea fundi.

Sasa mfikirie mwandishi wa Kiarabu mbele ya mashini kama hiyo. Herufi za Kiarabu ni 28, lakini 22 katika hizo zina sura nne: ya mwanzo wa neno, ya kati, ya mwisho, na ya peke yake. Sita zilizobaki, yaani alifu, dali, dhali, ra, za na wau, zina sura mbili tu kwa kuwa haziishiki herufi inayofuata. Hesabu mwenyewe: 88 na 12 ni sura 100, kabla hujagusa lam-alif, hamza wala irabu. Mihuri hiyo yote ingetiwa wapi? Isitoshe, karatasi ilipaswa kwenda kinyume, maana sisi huanza kuumeni. Aliyetatua fumbo hili ni Selim Haddad, mtu wa Shamu. Mwaka 1899 alipata hati ya uvumbuzi kwa shauri la kutumia sura mbili badala ya nne. Wenye khati nzuri labda walikunja nyuso, lakini mashini ilipatikana.

Na Kiswahili chetu? Kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi hizo hizo: barua, wasia, hesabu za biashara, tenzi za mabibi. Sitasema kuwa mashini ndiyo iliyoiondoa khati ile. Serikali za kikoloni na shule zao ndizo zilizochagua herufi za Kirumi. Lakini mashini za ofisini zilikuja zikiwa zimekwisha kuandikwa juu, na karani alijifunza aliyoyakuta juu ya vitufe.

Kompyuta ndiyo iliyokata kile kiungo cha chuma. Kitufe cha kompyuta hakibebi herufi. Hupeleka alama ya mahali pake tu, na programu ndiyo iamuayo mahali pale paitwe nani. Kibodi ya IBM ya mwaka 1985, iitwayo Model M, ilikuwa na springi inayopinda ikalia chini ya kila kitufe, na juu yake vifuniko vya kutoka, hata kibodi moja ikaweza kuvishwa herufi za nchi nyingi. Huko Kuwait, kampuni ya Sakhr, iliyoanzishwa mwaka 1982 na Mohammed Al-Sharekh, ikatoa kompyuta za Kiarabu kwa ajili ya nyumba za kawaida. Kisha mwaka 1991 ukatoka mfumo wa Unicode, ambamo kila herufi ina namba yake, na programu yenyewe huchagua sura ya mwanzo, ya kati au ya mwisho. Lile fumbo la Haddad likafunguka.

Kwa hivyo kile kifuniko, nami naona tukiite kofia, ni jina tu. Ukiivisha herufi ya M kofia ya Z, kompyuta haitajua. Itaandika M vile vile. Anayeanza ayajue haya kabla ya kutoa fedha.

Ama springi ziko za namna tatu: zinazoshuka laini, zenye kikwazo kidogo ukisikiacho kidoleni, na zinazolia. Zinazolia usizitumie usiku nyumba ikiwa na mtoto mchanga. Kofia nyingi zina tundu la msalaba, kufuata umbo lililoletwa na kampuni ya Cherry katika miaka ya 1980. Tazama kwanza kama kibodi yako ni ya umbo hilo. Plastiki ya ABS hung'ara kwa jasho la vidole. Ya PBT hustahimili zaidi. Tena safu hutofautiana kimo, basi kofia ya safu ya juu usiivishe ya chini. Ing'oe wima kwa kikoleo cha waya, wala usiichokoe kwa kisu kama nilivyofanya mimi.

Ukitaka Kiarabu, penye F ndipo penye ba, na penye J pana ta. Vile vinundu viwili vya kupapasia hubaki na kazi yao. Lam-alif ina kitufe chake penye B. Fat-ha, kasra na dhumma hutoka kwa kushikilia kitufe cha herufi kubwa. Lakini katika mpangilio ulio kwenye kompyuta nyingi, pa yenye nukta tatu haimo, wala cha, wala va, na bila ya hizo Kiswahili huandikwa kwa kukisia.

Mjukuu wangu aliutengeneza upya mpangilio kwa programu isiyo ya kulipia: pa tukaiweka pamoja na ba, cha pamoja na jimu, na va pamoja na fa, kila moja ikitoka kwa kushikilia Alt ya kulia. Kisha tukaagiza kofia zilizochapwa herufi zote mbili. Zilichelewa sana, na moja ilikuja na nukta pungufu, tukaiongeza kwa wino.

Ninalo bunda la barua za marehemu mama yangu, kwa khati yake, zisizosomeka na yeyote mwingine humu nyumbani. Ninazinakili moja moja, mstari wake juu na herufi za Kirumi chini, naye kijana husoma kwa sauti nikimsahihisha. Tumemaliza tatu.