Mashini ya Zamani na Kompyuta ya Leo

Twakumbuka kwamba mwaka 1980 kampuni ya Epson, ya Japani, ilitoa mashini ya kuchapisha iitwayo MX-80. Sindano zake 9 ziligonga utepe wa wino, zikaandika karatasi ya juu pamoja na nakala za chini yake. Iliunganishwa na kompyuta kwa tundu la Centronics, lenye pini 36. Mwaka 1996 ikaja USB, na tundu la kuunganishia mashini hizo likatoweka polepole katika kompyuta.

Wengi walidhani mashini hizo zimekufa. Sivyo, zimekosa mkalimani tu. Waya wa kugeuza, USB upande huu na Centronics upande wa pili, hufungua njia tena. Lakini njia siyo lugha. Mashini ya zamani husoma namba moja kwa kila herufi; kompyuta ya leo mara nyingi hutuma «é» kwa namba mbili. Hapo jina la mtu huharibika, zikatokea alama mbili za ajabu.

Basi tuipe kompyuta orodha ya herufi inayojulikana na mashini, tujaribu ukurasa mmoja, ndipo tuchapishe majina ya watu. Tusitupe chombo kizima kwa sababu hatukujifunza lugha yake.