Vitufe au mguso? Simu za biashara zilivyopimwa na vumbi la Ukambani

Nimekuwa kimya kidogo, kazi ya kuandika programu za watu inakula muda wa kuandika mambo yangu mwenyewe. Leo nina simu tatu za zamani mezani: Nokia E71, Nokia 5800 XpressMusic na Huawei IDEOS. Mbili za kwanza nilizipata kwa fundi wa simu mjini Kitui. Ya tatu ilikuwa kwenye sanduku la mjomba wangu huko Makueni, imefungwa kwa mpira pamoja na chaja yake. Nataka kuzikagua kama zilivyokaguliwa zilipotoka, ila kwa swali ambalo wakaguzi wa Ulaya hawakuwa na haja ya kuliuliza: mnunuzi wa ndengu angeifanyia nini?

Nauliza kwa sababu. Mjomba alikuwa akinunua ndengu vijijini, Kitui kusini hadi upande wa Makueni, kisha anawauzia wenye malori Emali kwenye barabara ya Mombasa. M-PESA ilipoanza Machi 2007 aliacha kutembea na noti kiunoni. Simu yake ilikuwa mulika mwizi, yaani Nokia 1100, ile yenye tochi na vitufe vya mpira visivyoingiza vumbi. Nokia waliuza zaidi ya milioni 250 za aina hiyo tangu 2003, na nadhani Ukambani tulichukua fungu letu.

Juni 2009 serikali iliondoa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye simu za mkononi. Bei zikashuka, simu zikafurika, halali na bandia. Mjomba akaja nyumbani na simu ya mguso ya bei rahisi, jina lake nalisitiri, yenye kalamu ndogo ya plastiki iliyochomekwa ubavuni. Sisi watoto tulipanga foleni kuigusa. Nilikuwa shule ya msingi na nakumbuka kabisa kwamba siku hiyo ndiyo niliamua nitasomea kompyuta.

Februari 2010, msimu wa mavuno, alikuwa amesimama juani kando ya magunia akimlipa mkulima shilingi 14,000. Akagusa 5, simu ikasoma 8, ambayo iko chini yake tu. Jua limepiga kioo, haoni vizuri, akathibitisha. Wakati huo jina la mpokeaji lilikuja kwenye ujumbe baada ya pesa kuondoka, na jina lililokuja halikuwa la mkulima. Akapiga ile namba, imezimwa. Akapiga hadi jioni. Magunia yalikuwa yameshapakiwa na mkulima alikuwa na haki yake, kwa hiyo alilipa mara ya pili. Mbuzi wanne walitoka zizini wiki hiyo.

Nilipofika chuoni ndipo nikaelewa kilichotokea. Kioo cha aina ile kina tabaka mbili zinazopitisha umeme, zimetenganishwa na nafasi nyembamba. Ukibonyeza, zinagusana, na simu inakadiria mahali kwa kupima volti. Kukadiria huko kunategemea vipimo vilivyowekwa siku ya kusawazisha kioo. Joto, uchafu pembeni na kuchakaa kwa tabaka la juu vinasogeza vipimo hivyo taratibu, na simu haina njia ya kujua kwamba imepotoka. Kitufe hakina makadirio. Ni safu na mistari ya nyaya, na ukibonyeza 5 unaunganisha safu moja na mstari mmoja, basi. Tena kitufe cha 5 kina kinundu, kidole kinajua kilipo hata gizani.

Sasa tuje kwenye simu zenyewe. E71 ya 2008 ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwili wa chuma, vitufe kamili vya herufi, gramu 127 tu, betri ya mAh 1500. Ilikuwa na Wi-Fi, GPS, baruapepe na programu ya kusoma majedwali ya hesabu. Nilijaribu kuandika namba ya simu na kiasi cha pesa mara ishirini nikiwa nimesimama nje saa saba mchana, na sikukosea hata mara moja. Kwa afisa wa Nairobi hii ilikuwa ofisi ya mfukoni.

Lakini kwa mnunuzi wa ndengu? Programu muhimu kuliko zote kwake haikuwa ndani ya simu. M-PESA ilijengwa kwenye laini yenyewe, menyu inakaa kwenye kadi na simu inaionyesha tu. Nikatia laini yangu kwenye E71, menyu ikatokea, maandishi yale yale ambayo mulika mwizi ingeonyesha. Simu iliyouzwa kwa bei ya mulika mwizi nyingi haikutuma pesa kwa usalama zaidi hata kidogo. Kama mwandishi wa programu naona huo ndio uamuzi bora wa kiufundi uliofanywa Kenya miaka ile, na wanaolalamika kwamba menyu ile ni mbaya kwa sura wana haki yao.

5800 sitaikalia sana. Ilitangazwa Oktoba 2008, kioo cha inchi 3.2, kizuri kwa picha na muziki, lakini ni teknolojia ile ile ya kubonyeza iliyomponza mjomba, japo imetengenezwa kwa uangalifu zaidi. Juani ilinikosesha namba mara tatu.

IDEOS ndiyo iliyobadilisha mambo. Ililetwa Kenya na Safaricom, na mwanzoni mwa 2011 ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 8,000. Kioo cha inchi 2.8 kinachohisi chaji ya kidole, si nguvu ya kubonyeza, pamoja na Android 2.2. Namba haihami. Ila kidole cha mtu aliyebeba magunia miaka ishirini kina sugu, na mara nyingine kioo hakikihisi kabisa. Mjomba alikuwa akigusa kwa ubavu wa kidole gumba. Na betri ya mAh 1200, intaneti ikiwa imewashwa, haikumaliza siku. Kijijini kwao kuchaji kulikuwa safari ya kwenda sokoni na kulipia, kwa hiyo IDEOS ilirudi kwenye sanduku.

Ile simu ya kalamu tuliachiwa watoto kwa michezo na redio. Usiku wa 30 Septemba 2012 tume ya mawasiliano ilipoagiza simu bandia zizimwe, karibu milioni 1.9 nchi nzima, nayo ikakatwa. Mjomba alicheka sana.

Siku hizi ana simu ya mguso kama kila mtu, anapokea picha za ndengu kwa WhatsApp na kukataa mzigo kabla hajapanda Probox. Laini yake ya M-PESA iko kwenye mulika mwizi nyingine, mfuko wa shati. Nilimwonyesha kwamba sasa jina hutokea kabla pesa haijaondoka. Akalitazama, akasema ni vizuri, kisha akarudisha laini kule ilikotoka.