Aliyesafisha Maji Hakuitwa Jukwaani

Watu wa Githongo walijua majitaka kabla ya mhandisi yeyote kufika kuwaeleza. Kahawa ndiyo iliyowafundisha. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuipanda hadi miaka ya 1930, ilipoanza kuwaruhusu kwa majaribio wakulima wa Meru, Embu na Kisii. Baadaye zikajengwa faktori za ushirika kandokando ya vijito vinavyoshuka kutoka Mlima Kenya, kwa maana kahawa haimenywi wala haioshwi bila maji mengi. Msimu ukifika, maji yenye maganda na utelezi yalirudishwa mtoni. Kijito kikageuka rangi, kikanuka uchachu, na akina mama wa bondeni wakawa wanapanda hadi juu ya faktori ili wateke maji yanayofaa kupikia. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Kahawa ilipewa daraja. Kila mtoto kwetu alijua kwamba AA ndiyo ya juu, na faktori iliyotoa AA nyingi ilisifiwa mkutanoni mbele ya wanachama wote. Maji yaliyobaki hayakupewa daraja lolote. Nilipokuwa fundi wa maabara nilipima maji ya aina hiyo na kukuta yanahitaji oksijeni miligramu elfu kadhaa kwa kila lita, mara kadhaa zaidi ya majitaka ya mjini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani katika nchi hii aliyewahi kusifiwa kwa kuyarudisha maji mtoni yakiwa mazima.

Nairobi haikuanza vizuri. Mwaka 1902 tauni ilizuka na Soko la Wahindi likachomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya mji, akapendekeza watu watenganishwe makazi kwa rangi. Choo cha wengi kilikuwa ndoo, na aliyeitoa ndoo hiyo alipita usiku, kupitia mlango wa nyuma, ili asionekane. Topasi, kama alivyoitwa, hakuwa na cheo. Hata kule London, mitaro mikuu ilipojengwa baada ya uvundo wa mto Thames wa mwaka 1858, aliyepata heshima ya kuitwa Sir alikuwa mhandisi mkuu, Joseph Bazalgette. Aliistahili. Lakini mitaro ile ilihitaji watu wa kushuka ndani yake kila siku, na majina yao hayamo katika habari tunazosomeshwa.

Waliofikiria kumheshimu fundi mwenyewe walikuwa Wamarekani. Mwaka 1940 watu wa fani ya majitaka wa jimbo la Arizona walianzisha chama ambacho beji yake ni koleo dogo la dhahabu, kwa sababu koleo ndicho chombo cha kuzolea tope. Baadaye ikaja tuzo yenye jina la William D. Hatfield, aliyesimamia mtambo wa mji wa Decatur, Illinois, na hiyo hupewa waendeshaji wa mitambo kwa kazi yao ya kila siku. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa mwanafunzi wa Chuo cha Maji, South C, Nairobi, nilifurahi kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa jamaa.

Huku kwetu njia iliyokubalika zaidi ilikuwa mabwawa. Duncan Mara, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya 1970, aliandika kitabu kuhusu kusafisha majitaka katika nchi za joto, kikatoka mwaka 1976, na hoja ya watu wa fani yake ilikuwa nyepesi kueleweka: jua tunalo, tulitumie. Mabwawa makubwa ya Dandora, yaliyoko Ruai, ni matunda ya fikra hiyo. Miji mingi midogo ikafuata mkondo huohuo.

Mtu akipita nje ya ua hudhani mabwawa yanajiendesha. Hayajiendeshi. Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, mita 2 hadi 5, halina hewa, na humo uchafu mzito hutuama na kuoza. La pili lina kina cha mita moja na nusu hivi, na linapaswa kuwa kijani, kwa kuwa mwani ndio unaotoa oksijeni. La mwisho ni la kina kifupi ili jua lifike na kuua vijidudu. Mzee aliyenipokea kazini kwenye mabwawa alikuwa hajui kutumia chombo hata kimoja cha maabara. Aliniambia, "Binti yangu, usianze na chupa. Anza na pua, kisha macho." Bwawa la pili likianza kuwa na rangi ya waridi, alijua limezidiwa, na siku chache baadaye karatasi zangu za maabara zilisema vilevile. Alijua ni lango gani la kufunga mvua ya Aprili inapoingia kwenye mitaro na kutishia kuyafagia mabwawa yote. Aliondoa matambara kwenye chujio la vyuma kwa reki, alikata nyasi za kingo ili mbu wasizaliane, alivunja ukoko uliotanda juu ya maji. Alistaafu kwa kupeana mkono na karani.

Wakati huo nchi ilikuwa imeshaanza kutoa sifa rasmi katika maji. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilileta kampuni za maji za miji na WASREB, mamlaka ya kuzisimamia, nayo ikaanza kuchapisha orodha ya nani amefanya vizuri. Nyeri imeongoza mara nyingi. Meru na Embu nazo zimekuwa miongoni mwa walio juu, na sisi wa upande huu wa mlima tuna haki ya kujivunia. Lakini tazama kilichopimwa. Viashiria vilikuwa 9: watu wangapi wamefikiwa na maji, ubora wa maji ya kunywa, saa za huduma, maji yanayopotea, mita, idadi ya wafanyakazi, mishahara, makusanyo ya ankara, na kama mapato yanatosha kugharimia kazi. Sikuona hata kimoja kilichouliza maji yanayotoka bomba la mwisho la mabwawa yakoje. Kampuni ingeweza kupanda jukwaani huku mto ulio chini yake ukinuka.

Kipimo kilikuwepo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zilitaka maji yanayoachiliwa yasizidi miligramu 30 kwa lita ya ile oksijeni inayohitajiwa na vijidudu kwa siku 5. Yanapoingia kwenye mtambo huwa mia kadhaa. Kuyashusha hadi 30, mwezi baada ya mwezi, katika ukame na katika masika, ni kazi ya ustadi sawa na kutoa AA.

Kuna mabadiliko ninayoyashukuru. Sheria ya mwaka 2016 ya wataalamu wa teknolojia ya uhandisi inawaruhusu mafundi kusajiliwa kwa jina na ngazi yao, si wahandisi peke yao. Vijana wanaotoka chuo leo wanaweza kuonyesha cheti ambacho mzee wangu hakukipata.

Kaunti za Meru na Embu zikiamua kumtuza fundi bora wa majitaka, naomba sampuli ichukuliwe kwenye bomba la mwisho, mwaka mzima, bila kupiga simu kwanza. Majina yasomwe ya zamu yote, pamoja na anayekata nyasi. Na sherehe isifanyiwe hotelini. Ifanyiwe bondeni, chini ya mtambo, na wanaoteka maji hapo wawe wa kwanza kuulizwa kama tuzo imestahili.