Nasaba Zetu na Madaftari ya Serikali: Tabora na Njia ya Misafara

 

Maswali ya mirathi yanayotufikia kutoka Gongoni na mitaa jirani ya Tabora mara nyingi hukwama mahali pamoja: mzee amefariki, warithi wanajulikana mtaa mzima, lakini babu yao hana cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa. Je, nasaba imekatika?

Ndugu msomaji, tuutazame kwanza mji wenyewe. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 waliwakuta Waarabu wamekwisha kujenga matembe yao. Misafara ya kutoka pwani, ya Ujiji na ya Manyema ilikutana hapo, na watu wakaoana. Baba yake Hamed bin Muhammed al-Murjebi, maarufu Tippu Tip, alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ndoa hiyo haikuingia katika daftari lolote la serikali, kwani serikali yenye madaftari ilikuwa bado kufika. Tunaijua kwa sababu mtoto wa kambo wa Karunde aliisimulia katika habari za maisha yake, ikaandikwa.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walitunga sheria ya kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1920. Ililazimisha kwanza Wazungu na Waasia. Mwafrika aliingizwa polepole, eneo baada ya eneo, miaka mingi baadaye. Kwa hiyo anayetafuta jina la babu yake Mnyamwezi au Mmanyema katika vitabu vya miaka ya 1920 akalikosa, asishangae. Mkoloni hakumtafuta. (Mapadri waliofika Unyanyembe katika miaka ya 1880 waliandika ubatizo na ndoa za watu wao, na hapo, tuseme kweli, walitupita.)

Wanazuoni wetu hawakuifunga nasaba kwenye karatasi. Imam Nawawi katika Minhaj anakubali ushahidi wa nasaba kwa kusikika na kuenea baina ya watu, kwa kuwa kizazi hakionekani kwa macho kama mauzo yanavyoonekana. Wazee wa mtaa wakishuhudia kwamba fulani siku zote alijulikana kuwa mwana wa fulani, pasiwepo wa kupinga, hiyo ni hoja. Na cheti kilichopatikana juzi kwa maneno ya mtu mmoja hakimfanyi mtoto wa kulea kuwa wa damu. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab iliteremka, na Zayd aliyekuwa akiitwa bin Muhammad akarudi kuitwa bin Haritha.

Ipo karatasi moja ambayo familia nyingi huiogopa. Wajerumani hawakuufuta utumwa; walitoa hati za uhuru kwa maelfu, wakaamuru kwamba watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru. Waliobaki wakangoja sheria ya Waingereza ya 1922. Mafaili ya Kijerumani yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mengine Berlin. Mjukuu akiikuta hati ya bibi yake humo, asiifiche kwa aibu, maana ina fiqhi ndani yake. Wapo waliojikomboa kwa mali yao, walioachwa huru na mabwana wao, waliolipiwa na mtu mwingine, na waliotolewa kwa amri ya serikali. Tofauti hizo ndizo huamua walaa, kwani walaa ni ya aliyeacha huru. Bwana aliyelipwa na mtu mwingine, kisha mnunuzi huyo ndiye akaacha huru, hana walaa, wala wajukuu wake hawana. Na mtoto wa suria ambaye bwana alimkiri ni mwana kamili, hurithi kama ndugu zake wa mke wa ndoa. Kabla ya kuwatoa kizazi cha suria katika shamba au nyumba, kadhi aulize kwanza: bwana alikiri au hakukiri?