Wakubwa Wawili, Ofisi Moja: Tulishajaribu Wakenya

Wiki iliyopita mimi na binamu yangu tulimpa mteja mmoja bei mbili. Mimi nilimwambia elfu nane kwa video ya duka lake. Yeye, bila kujua, akamwambia elfu tano. Mteja akalipa tano, sisi tukanuniana siku mbili. Ukurasa huu tunauendesha pamoja na hakuna mkubwa. Sasa binamu anataka tusajili kampuni, na sote wawili tuwe wakurugenzi wakuu. "Hata Oracle wana wawili," ananiambia.

Si uongo. Septemba 2025 Oracle iliwapa Clay Magouyrk na Mike Sicilia kiti hicho kwa pamoja. Netflix nayo, tangu Januari 2023, iko chini ya Ted Sarandos na Greg Peters. Lakini kabla ya kuiga Marekani, hebu tukumbuke kitu. Sisi Wakenya tuliishi na wakubwa wawili kwa miaka mitano.

Nusu mkate. Mnaikumbuka?

Tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Kofi Annan, Kibaki na Raila walitia saini mkataba wa kugawana serikali. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa baada ya uchaguzi. Aprili 17 Raila akaapishwa kuwa Waziri Mkuu. Tuseme ukweli, mkataba ule ulizima moto, na kwa hilo peke yake ulistahili.

Shida ilikuwa kwenye maneno. Sheria ilimpa Waziri Mkuu kazi ya kuratibu na kusimamia shughuli za serikali. Sawa, kusimamia mpaka wapi? Anaweza kumwondoa waziri kazini? Kila upande ulisoma ilivyotaka.

Aprili 2009 Spika Kenneth Marende alijikuta na barua mbili mezani. Rais amemtaja Kalonzo Musyoka kuongoza shughuli za serikali bungeni, Waziri Mkuu amejitaja mwenyewe. Serikali moja, barua mbili! Spika akaishia kuiongoza ile kamati ya shughuli za bunge yeye mwenyewe kwa muda. Februari 2010 Raila akawasimamisha kazi kwa miezi mitatu mawaziri William Ruto na Sam Ongeri kwa sababu ya kashfa za mahindi na pesa za elimu. Kabla hata vumbi halijatulia, Kibaki akatangaza wako kazini, kwamba Waziri Mkuu hana mamlaka hayo. Ni ile bei yetu ya elfu nane na elfu tano, ila hapa ni nchi nzima.

Lakini nisiwe wa upande mmoja. Mapema 2011 Kibaki aliteua Jaji Mkuu na wakubwa wengine wa sheria, Raila akasema hakushauriwa vilivyo. Mahakama Kuu ikaona uteuzi ule unakiuka Katiba, na Rais akauondoa. Mkubwa wa pili ana faida, anaweza kukuzuia usikosee. Na pale walipokuwa na kazi moja inayoeleweka, waliifanya. Agosti 2010 walipiga kampeni pamoja, Katiba mpya ikapita. Katiba hiyohiyo ndiyo imetupa serikali ya kaunti hapa Isiolo. Sasa cheka kidogo: ndani yake hakuna Waziri Mkuu. Wakubwa wawili walituachia karatasi inayosema rais ni mmoja.

Kwenye teknolojia, historia inayofanana ni ya BlackBerry. Mike Lazaridis alishika uhandisi, Jim Balsillie akashika biashara, na kwa miaka mingi ilienda vizuri sana, kwa sababu kila mtu alikuwa na lake. Halafu iPhone ikaja 2007, na swali likabadilika: kampuni ielekee wapi? Balsillie alitaka BBM ifunguliwe kwa simu za kampuni nyingine. Lazaridis hakutaka. Swali kama hilo si la uhandisi peke yake wala la biashara peke yake. Januari 2012 wote wawili waliachia kiti.

Huku kwetu Waborana walilijua hili zamani, kisimani. Kisima kina konfi, yule anayehesabiwa kuwa mwenyewe kwa sababu ukoo wake ndio ulichimba. Halafu kuna aba herega, anayepanga zamu ya kunywesha mifugo siku hadi siku. Ni wawili, lakini ngamia wako akifika na kiu hakuna haja ya kuuliza ni nani anayesema zamu yako ni lini.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kampuni kubwa inaweza kuwa na wakurugenzi wakuu wawili, bora iandikwe mapema nani anatia saini nini, na awepo wa kukata shauri wakigongana. Oracle bado wana Larry Ellison juu yao. Kibaki na Raila hawakuwa na mtu hapa nyumbani. Ilibidi Annan apigiwe simu.

Binamu, najua unasoma hii. Bei ni zako, video ni zangu. Tukikwama, Mama Mkubwa ataamua. Ukikubali, Jumatatu tunasajili.

Na nyinyi mnaosoma, mngekubali kugawana kiti?