Kodi ya Mapato Maryland: Hasira Hupita, Kodi Hubaki

Sisi tunaoishi pembezoni mwa Washington, D.C., iwe Silver Spring, Hyattsville au Alexandria, kila ifikapo Aprili mazungumzo yetu ni kodi. Wengi wetu humlaumu aliyeko White House. Tunasahau kwamba sehemu ya makato haipangwi huko. Kwa upande wa Maryland hupangwa Annapolis, na tangu 1967 kila kaunti nayo hutoza kodi yake ya mapato juu ya ile ya jimbo.

Kwa wasiofahamu, hesabu yake ni hii. Mtu wa kipato cha kawaida hutozwa na jimbo asilimia 4.75 kwa kila dola inayozidi 3,000 za kwanza, baada ya kuondoa misamaha. Katika kaunti za Montgomery na Prince George's, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, huongezwa asilimia 3.2. Jumla ni 7.95. Kwa hiyo anayepanga chumba kimoja na mwenye nyumba ya ghorofa mbili hukaribiana sana kwa kiwango.

Oktoba 2007, Gavana Martin O'Malley aliitisha kikao maalum cha bunge la jimbo kuziba pengo la dola bilioni 1.7 hivi. Kodi ya mauzo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 6, wenye kipato kikubwa wakawekewa viwango vipya, na mwaka uliofuata mamilionea wakawekewa 6.25 kwa muda wa miaka mitatu. Mei 2012 kikaitishwa kikao kingine. Safari hii nyongeza ilianzia dola 100,000 kwa mtu mmoja na 150,000 kwa mume na mke. Hapo ndipo wengi waliposhtuka. Muuguzi anayefanya zamu za ziada na mwenzake fundi wa kompyuta hawajioni kuwa matajiri, lakini wakijumlisha mishahara yao wanaweza kufika huko.

Mwaka 2014 Larry Hogan, Mrepublican, aligombea ugavana akihesabu kodi na tozo 40 alizosema zimepandishwa. Katika jimbo ambalo Wademokrat ni wengi mno, alimshinda naibu gavana Anthony Brown kwa asilimia 51 dhidi ya 47. Waliopiga kura walikuwa wachache kuliko 2010. Waliokasirika walikwenda kituoni. Waliodhani mambo yamekwisha walibaki nyumbani.

Je, hasira ile ilizaa nini? Mwaka 2015 Hogan alishusha tozo za baadhi ya barabara na madaraja, na kaunti zikaondolewa ulazima wa kutoza ile kodi iliyobatizwa "kodi ya mvua". Alichaguliwa tena 2018. Lakini viwango vya kodi ya mapato vya 2012 vilibaki, na kodi ya mauzo ikabaki asilimia 6. Kisha 2025, jimbo likiwa na pengo la zaidi ya dola bilioni 3, Gavana Wes Moore na bunge waliweka viwango vipya vya 6.25 kwa kipato kinachozidi dola 500,000 na 6.5 kwa kinachozidi milioni moja. Kaunti nazo ziliruhusiwa kufika 3.3.

Somo tunaloliona ni kwamba kumwondoa kiongozi ni kazi ya siku moja. Kuondoa kodi ambayo shule, mabasi na hospitali vimekwisha kuitegemea ni kazi nyingine kabisa, nayo hufanyika kwenye vikao vya bajeti ambavyo wachache huhudhuria.

Hapa ndipo linapotugusa. Kodi ya mapato haiulizi uraia. Mwenye kadi ya kijani hulipa sawasawa na jirani yake mzaliwa, lakini hana kura ya gavana wala ya baraza la kaunti. Mji wa Takoma Park uliwaruhusu wakazi wasio raia kupiga kura za mji tangu miaka ya mwanzo ya 1990, ila mji haupangi kodi ya mapato. Wakazi wa D.C. wenyewe, raia kamili, hawana mbunge mwenye kura kamili Congress. Tangu 2000 hubandika malalamiko hayo kwenye namba za magari yao.

Basi wenye haki ya kuomba uraia tusiendelee kuahirisha, na wenye uraia tusingoje mwaka wa rais tu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Annapolis bajeti hupitishwa kila mwaka, tuwepo tusiwepo.